Haribu Kwanza Vipimo

Hapa Gitega majirani wananiita Kapteni, nami siwasahihishi. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi niliruka angani bila kutoka ndani ya banda. Banda lenyewe lilikuwa Nairobi, kwenye eneo la maghala karibu na uwanja wa ndege, na ndani yake kulikuwa na simuleta: chumba cha marubani kilichokatwa shingoni kama kichwa cha kuku, kikasimamishwa juu ya miguu ya chuma inayopanda na kushuka. Hakina mabawa, hakina abiria, hakina hata choo. Humo ndimo nilimofundisha marubani wa ndege kubwa, mpaka nikastaafu mapema kwa sababu ya sikio la kushoto, ambalo siku hizi linasikia habari mbaya tu.

Ninyi vijana mnaonisimamisha sokoni kuniuliza kazi ya ndege ikoje, nimeona afadhali niwaandikie. Kwa mdomo huwa najibu kwa kirefu, na mwenye pikipiki aliyewabeba anaanza kuniangalia vibaya. Nitawasimulia zoezi moja tu, lile nililolifundisha kuliko mengine yote: la kufanya pale ndege inapokuwa imetulia juu kabisa, chakula kimegawiwa, watu wamevua viatu, kisha vipimo vya kasi vinaanza kusema uongo.

Ndege haijui mwendo wake kwa kuhesabu nguzo za barabarani. Ina mirija midogo puani, imeelekezwa mbele. Upepo unaingia, mtambo unapima unavyosukuma, na rubani anaona namba mbele yake. Mirija hiyo inapashwa moto, lakini ukipita kwenye wingu baya vumbi la barafu laweza kuizidi nguvu ikaziba. Hapo namba zinaanza wazimu. Ya rubani huyu inasema mnakwenda mbio mno, ya yule inasema mnakaribia kuanguka, na kengele za pande zote mbili zinalia pamoja.

Kwa Warundi nilikuwa na mfano rahisi. Mmekaa kuzunguka chungu cha impeke, pombe yetu ya mtama, kila mtu na mrija wake mrefu. Machicha yanaziba wa kwako. Unavuta mpaka mashavu yanakutana, hupati kitu. Je, pombe imekwisha? Chungu kimejaa vilevile. Mwenye papara anapiga kelele kwamba wenzake wamemnyonya. Mwenye utulivu anatoa mdomo, anatazama wenzake wanavyomeza, anasubiri. Mfano huo ulikubalika sana mpaka siku rubani mmoja wa Mombasa, mcha Mungu asiyegusa kileo, aliponiuliza kwa upole kama ningeweza kuueleza kwa maji ya dafu. Nikajaribu. Dafu halina machicha, na hakuna anayelinywa na ukoo mzima. Somo lote likafa mikononi mwangu.

Dawa yenyewe ni fupi. Kabla mirija haijaziba ndege ilikuwa inaruka vizuri, na hakuna kilichobadilika isipokuwa namba. Kwa hiyo unazima otopailoti inayoirusha ndege yenyewe, unazima mtambo unaoshika nguvu za injini, unazima ile mistari inayokuelekeza kwenye kioo, kwa sababu vyote hivyo vinakunywa kwenye mrija ulioziba. Kisha unaweka pua pale unapojua inakaa ndege ikiwa imetulia, juu kidogo ya upeo wa macho, na nguvu za injini pale unapojua zinakaa. Kila aina ya ndege ina namba zake, na unazihifadhi kichwani ukiwa chini, umeshiba, hakuna kinacholia. Ukishaweka, unaacha. Kazi ngumu ni hapo kwenye kuacha.

Mimi aliyenifundisha alikuwa mzee Gebre, Mhabeshi mwenye masharubu meupe na Kiswahili cha kujifunzia Mombasa. Siku ya kwanza aliponiharibia vipimo, mimi na shahada yangu ya fizikia nilianza kumweleza kilichokuwa kinatokea: shinikizo la hewa, joto, unyevunyevu. Tulipogonga ardhi nilikuwa sijamaliza sentensi ya pili. Gebre hakunigombeza. Alisema, "Pua. Nguvu. Halafu kalia mikono." Nikadhani ni fumbo. Akaniinua kwa bega, akaichukua mikono yangu, akaiweka chini ya mapaja yangu mwenyewe na kunikalisha juu yake. "Hivi," akasema.

Enzi zile mwanafunzi alijua siku ya kila balaa. Jumatatu moto wa injini, Jumanne mirija. Siku ya Jumanne walikuja wameinama mbele kama magolikipa wanaosubiri penalti. Wote walifaulu, na hakuna aliyejifunza, maana huko juu mirija haizibi Jumanne. Inaziba ukiwa na paja la kuku mkononi. Baadaye wakubwa wakaja na agizo jipya, tufundishe mshtuko. Vizuri. Lakini utamshtuaje mtu anayejua umekaa nyuma yake kwa kazi ya kumshtua?

Nikabuni njia yangu. Salamu.

Kwetu salamu haimalizwi kwa neno moja. Unauliza nyumbani, wazazi, watoto, ng'ombe, mvua imenyesha vipi upande wenu. Mtu akiulizwa hivyo mabega yanashuka, anasahau kwamba yuko kwenye mtihani. Nilisubiri tutulie futi elfu thelathini na tano, nikavuta kiti mbele, nikauliza kwa sauti ya mjomba, "Na nyumbani hawajambo?" Akifika katikati ya jibu, kidole changu kinagusa skrini na mirija inaziba.

Ilifanya kazi vizuri mno. Wakanipa jina, Mwalimu wa Salamu, na sifa zikanitangulia. Kwenye kantini niliwahi kumuuliza kapteni mzima habari za watoto, akaweka kijiko chini na macho yake yakaanza kutafuta upeo ukutani. Watu walinipenda kwa mbali. Mke wangu alivumilia sana, mpaka asubuhi moja aliponiambia, "Ukiniuliza nimelalaje, nashika kitanda." Sasa anaishi Mwanza karibu na watoto. Tunapigiana simu. Ananiuliza mimi maswali, mimi simuulizi.

Sasa Goreti.

Goreti alikuwa rubani msaidizi, mtoto wa kambi za wakimbizi Tanzania kama mimi. Familia ilirudi akiwa msichana, mama yake akapata shamba Muyinga, la maharage na ndizi. Shirika lililomwajiri lilikuwa na sheria fupi: zoezi la vipimo ukianguka mara mbili, mkataba umekwisha na unarudi kwenu. Na kwenye maharage ya Muyinga hakuna ndege ya kurusha.

Mara ya kwanza alipanda simuleta na Kapteni Rahim, ambaye wazee wa Gitega watamkumbuka, mtoto wa lile duka la vitenge na sufuria. Babu zake walitoka Bara Hindi, lakini Kiswahili chake ni cha hapahapa. Nilikuwa nimemwagiza Rahim akae kimya kama gunia la chumvi, tuone binti atafanya nini. Tukatulia juu. Nikavuta kiti.

"Goreti, mama huko Muyinga hajambo?"

Akafanya kile ambacho mtoto yeyote aliyelelewa hufanya mkubwa anapomuulizia mzazi wake. Aligeuka. Aligeuka mzimamzima kwenye kiti, akainamisha kichwa, mkono wa kushoto ukashika mkono wa kulia juu ya kiwiko kwa heshima, akanitafuta usoni.

"Mama hajambo, Mwalimu."

Nikagusa skrini. Kengele zikalia zote. Na Goreti, vijana wangu, alimalizia salamu kwanza.

"Anakusalimu sana. Na ninyi kwenu?"

Ndipo alipogeukia vipimo. Kipimo chake kilisema ndege inapungua mwendo, cha kapteni kilisema inazidi. Akaamini cha kapteni, kwa sababu ni cha kapteni. Akapunguza nguvu, akainua pua, na muda si mrefu mabawa yakaacha kutubeba. Chumba kikatetemeka, kioo kikajaa rangi ya ardhi, kisha kikawa cheusi.

Rahim akavua vifaa vyake vya masikioni. "Bon," akasema. "Tumekufa, lakini kwa adabu."

Kwenye korido nilimkuta Goreti amesimama na chupa ya maji ambayo hakuwa ameifungua.

"Ungejibu tu bila kugeuka," nikamwambia.

"Mama akisikia nimemjibu mkubwa kwa kisogo?"

"Mama hayupo mle ndani."

"Yupo, Mwalimu. Si umemwita wewe?"

Nikamfundisha ya Gebre: pua, nguvu, kalia mikono. Akafanya mazoezi kwenye kiti cha plastiki cha kantini, macho ukutani, akizitaja namba zake kimyakimya huku wapishi wakimzunguka. Rahim alipita akamnong'oneza kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "Mi nakwambia siri, we msichana. Mwalimu akianza kuuliza habari ya nyumbani, shika usukani. Salamu ya huyu mzee iko na meno."

Kama kuna siri yangu iliyobaki Nairobi, ilikufa siku hiyo.

Mara ya pili. Rahim kushoto, Goreti kulia, mimi nyuma na skrini yangu. Tukapanda, tukatulia juu ya wingu la kijivu lililochorwa na kompyuta. Nikakohoa kwa sababu ya vumbi tu. Wote wawili wakashika usukani.

"Goreti," nikaanza.

"Mwalimu," akasema bila kugeuka, "haribu kwanza vipimo, halafu nitakwambia habari za mama."

Rahim akacheka mpaka akapiga goti lake. "Alors! Leo mwalimu iko amepata mwalimu!"

Nami nilicheka. Kisha nikaona shida niliyokuwa nayo. Binti alikuwa golikipa wa Jumanne. Nikiharibu sasa atafaulu, shirika litafurahi, na mimi nitakuwa nimempeleka angani na watu nyuma yake bila kujua mikono yake hufanya nini inapokuwa haijajiandaa. Nisipoharibu kabisa, mtihani haujafanyika, na hiyo kwa shirika ni kuanguka. Nje ya mlango marubani wengine walikuwa wanangoja zamu yao ya chumba.

Nikatoa mkono kwenye skrini, nikaukalia.

"Leo nauliza tu," nikasema. "Nilikusikia kwenye korido ukiongea na daktari wa mama kwa simu."

Injini za kompyuta zinanguruma. Rahim mwenyewe aliacha kucheka.

"Ni macho ya mama," Goreti akasema, akitazama mbele. "Mtoto wa jicho. Haoni siku nyingi. Majirani anawajua kwa kikohozi. Mimi nikifika nyumbani ananishika uso wote kwanza, kama anachagua nyanya sokoni."

"Pole."

"Wamempasua jicho la kwanza wiki hii. Nilitaka niwe pale, lakini nikikosa huku mara ya pili, hilo jicho la pili nitalilipia na nini?" Mabega yake yalianza kushuka. Niliyaona. Nimeyatazama mabega ya watu maisha yangu yote. "Jana wamemfungua bandeji. Dada yangu alikuwa ameshika simu nisikie. Daktari akamuuliza, mama, unaona nini? Mama akakaa kimya, nikadhani simu imekatika. Halafu akasema…"

Hapo ndipo mkono wangu ulipotoka chini ya paja.

Kengele zikalia. Goreti akakata neno katikati, akavuta pumzi moja.

"Kasi haiaminiki. Naendesha mimi."

Otopailoti, imezimwa. Mtambo wa nguvu za injini, umezimwa. Mistari, imezimwa. Pua pale panapojulikana. Nguvu pale panapojulikana. Kisha mikono ikatulia, na chumba kizima kinapiga kelele, namba za upande mmoja zinapanda na za upande mwingine zinaporomoka, na yule binti amekaa kama mtu anayesubiri maji yachemke. Rahim akasoma taratibu zake, wakalinganisha na kimo kinachotoka kwa setilaiti, wakagundua kipimo cha tatu, kile cha akiba, kinasema nini, wakageuka polepole kutoka kwenye wingu. Nilipoamua barafu iyeyuke, Goreti hakukimbilia namba iliyorudi. Aliiangalia kwanza kidogo, kama unavyomwangalia mtu aliyewahi kukudanganya.

Sijawahi kuona zoezi lile likifanywa vizuri zaidi.

Nje nilimpa mkono, nikamwambia amefaulu. Rahim akamkumbatia akamwita kapteni kabla ya wakati wake. Nikasubiri waachane kidogo, nikauliza, "Na mama alisema nini?"

Akatabasamu kwa midomo tu. "Hajambo, Mwalimu. Asante."

Lile jibu nalijua. Ni mlango unaofungwa taratibu ili usimbane mtu vidole. Akaenda zake, mwaka ule ule akaanza kurusha ndege za kweli, na habari zake nikawa nazisikia kwa watu.

Vijana, mtatarajia niseme nilijuta. Sijutii. Nikirudishwa kwenye kiti kile, nitagusa skrini palepale, kwenye neno lilelile, maana hapo ndipo mabega yalikuwa chini kabisa. Na hilo ndilo linalokaa nami jioni huku Gitega, ninapopika wali wa kikombe kimoja. Kwamba nilifanya kazi yangu vizuri. Na kwamba kuna mama Muyinga aliyefunguliwa bandeji, akaulizwa anaona nini, na mimi ndiye niliyekata jibu lake. Nimemtungia majibu mengi. Mara anasema, naona dirisha. Mara anasema, naona watu, lakini binti yangu simwoni. Nikichoka nazima jiko.

Mwezi uliopita gari lilisimama getini. Akashuka Goreti, kapteni sasa, mnene kidogo, likizoni. Alikuwa amemleta mama yake kutoka Muyinga kuangaliwa jicho, na mtu wa dukani kwa kina Rahim alikuwa amemwelekeza kwangu.

"Mama yuko garini. Tunaweza kuingia?"

Aliingia ameshika mkono wa binti yake, mwanamke mfupi mwenye kitambaa cha kichwa kilichofungwa vizuri. Nikawapa viti. Nikasema karibuni, kisha nikasema tena karibuni. Halafu nikanyamaza, maana kinachofuata kwa desturi ni kuuliza habari, na sikuthubutu.

"Mama, anakuogopa," Goreti akasema.

Mama akanielekezea uso. "Ndiye huyu? Huyu ndiye mtu ambaye akiniulizia mimi, ndege inaharibika?"

"Ni mimi, mama."

"Basi niulize. Hapa sioni ndege."

Nikajikuta natazama huku na huku. Kisha nikamuuliza lile nililokuwa nimelibeba. "Siku ile daktari alipokufungua bandeji, ulisema unaona nini?"

Akacheka, mkono mdomoni. "Nilisema naona vizuri. Nikasema nawaona nyote mliosimama hapo."

"Na uliwaona?"

"Sikuona kitu. Jicho lile lilikuwa limechelewa, limeshakufa zamani. Lakini yule daktari alikuwa kijana. Alinishika mkono, na mkono wake ulitetemeka kuliko wangu. Ningemwambia nini? Nikamwambia naona."

"Miezi mizima mimi kule namshukuru Mungu," Goreti akasema. "Mpaka nilipokwenda likizo nikamkuta anachambua maharage kwa vidole. Na mimi ndiye mtaalamu wa vipimo."

"La pili ndilo la kweli," mama akasema. "Wamelifanyia hapa Gitega." Na akanigeuzia hilo la kweli, akanitazama bila haraka, kuanzia viatuni. "Umekonda. Unakula?"

"Nakula vizuri, mama."

"Na nani?"

"Nakula vizuri sana. Soko la hapa lina kila kitu, samaki wanaletwa, mboga…"

"Nimeuliza na nani."

Nikashika mkono wa kiti. Nakwambieni ukweli, niliushika kwa nguvu, nikasubiri. Hakuna kengele iliyolia. Mle ndani kulikuwa na mimi, na Goreti, na lile jicho moja linalosubiri.

"Peke yangu," nikasema.

Mama akatikisa kichwa kukubali, kama nilivyokuwa nikifanya mimi mtu anaposoma namba sahihi. "Haya. Goreti, tafuta sufuria kubwa."

Nikaanza kuinuka niwaonyeshe vitu vilipo, niombe radhi kwa jiko, niseme mchele ni kidogo. Goreti alikuwa ameshafika mlango wa jikoni. Akanitazama kupitia begani.

"Kalia mikono, Mwalimu," akasema.

Nikaikalia.